Jina la Cheti

Sengdao ni binamu wa mke wangu, na haya yalimpata yeye, si mimi. Mimi nimeshika tu nyuzi zilizofungwa siku zile, kwa vidole vyangu hivi. Tangu siku hiyo simcheki tena mtu anayekataa kuitika akiitwa karibu na maji.

Mambo yalianza kwa utani. Mdogo wake wa kike alikuwa amemaliza shule, akaingiwa na wazo kwamba ni aibu Wazungu kuja na mabegi yao ya mgongoni wakaijua nchi yetu kuliko sisi tuliozaliwa humu.

"Dada, wale wamefika kila kijito," alilalamika. "Sisi tumefika wapi? Sokoni na kwa shangazi!"

Cheti cha kuzaliwa kilimwandika huyo mdogo Chansouk, jina zuri lililochaguliwa na mtawa wa hekalu la mtaani. Nyumbani hakuna aliyelitumia. Alizaliwa kabla ya siku zake, kiumbe cha kutosha kiganjani, wakamwita Noi, yaani Kadogo, na Noi likamganda. Mtaa wao peke yake, pale Vientiane, mji mkuu wetu, ulikuwa na akina Noi wa kutosha kuunda timu ya mpira na ya akiba.

Mama yao alikubali shingo upande. Kituoni alimkazia macho Sengdao mbele ya watu. "Unatoka naye, unarudi naye. Sitaki maelezo mengine."

"Mama, kwani naenda kumuuza?" Sengdao akacheka. Mama hakucheka.

Safari ilikuwa tamu, tusiseme uongo. Basi lilipanda milima likiwa na magunia ya vitunguu katikati ya viti na jogoo mmoja asiyenyamaza, Noi akalala begani kwa dada yake mpaka akamlowesha mate. Luang Prabang walikula supu ya tambi wamesimama, wakabadilisha basi, wakafika gatini juu ya mto Nam Saeng. Huko barabara inakwisha. Unaingia kwenye boti nyembamba ya injini, unakunja magoti, unapanda na mto mpaka Muang Saeng, mji wa njia moja, ambako kelele kubwa ya siku ni kengele ya shule. Mwenye boti aliitwa Pheng, mtu wa makamo mwenye sigara sikioni.

"Mabegi makubwa hivi, mmehama?" aliwauliza. "Huyu mdogo akianguka nalo atalala chali kama kobe."

"Mjomba, endesha boti," Noi alimjibu, na boti nzima ikaangua kicheko.

Walipofika kwenye mkondo mkali unaoitwa Mawe ya Nyati, Noi aliinuka kupiga picha. Pheng alipaza sauti. Tumbo la boti likagusa jiwe, mguso mdogo tu, na mahali alipokuwa amesimama Noi pakawa hapana mtu. Pheng alimdaka shati kabla hajafika mbali, wakamvuta ndani, akatapika maji, akapumua. Watu wakacheka kile kicheko cha kutoa wasiwasi. Abiria mmoja akamwambia sasa amekuwa mtalii kamili.

Noi hakucheka. Alikuwa ameyageuza macho nyuma, kwenye yale mawe, na hakuyarudisha.

Muang Saeng walipanga chumba katika gesti ya Mama Kongkeo, mwanamke mnene mwenye mdomo mwekundu wa tambuu na maneno yasiyo na breki. Noi alilazwa kwenye godoro karibu na dirisha. Hakusema. Hakula. Wali wa kunata ukiwekwa mdomoni ulikaa pale pale, shavuni, mpaka Sengdao akautoa kwa kidole. Ngozi yake ilikuwa baridi na macho yake wazi, yameelekea mtoni usiku na mchana.

Mganga wa zahanati alimpima kwa makini. Mapafu safi, moyo unapiga, akampa dawa ya homa ingawa homa haikuwapo. Sengdao akataka kumrudisha mjini, hospitali kubwa, lakini mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, mto umevimba, na hakuna boti iliyokubali kushuka.

"Nitalipa chochote, mjomba," alimwomba Pheng.

"Hela zako utampa nani tukifa wote?"

Kila siku Noi alipungua. Sengdao alimfuta uso, alimwimbia nyimbo za utotoni, alimtukana, alilia, akarudi kumwimbia. Maneno ya mama yao yalikuwa yanamtafuna. Mto ulipoanza kutulia, mgonjwa alikuwa hawezi tena hata kufumba macho vizuri.

Mama Kongkeo ndiye aliyesema. Alisimama mlangoni, akamtazama Noi, akatema tambuu nje. "Mwanangu, hapa unauguza begi tupu. Mliopoa mwili, mwenyewe mkamwacha kwenye mawe. Nenda kamchote."

Sengdao alizaliwa mjini lakini si mgeni wa mambo haya. Bibi yake alikuwa akichota roho za watoto walioshtuka kwenye visima na njia panda. Mama Kongkeo akampa wavu wa kuchotea samaki, ule wenye mpini, na yai la kuchemsha, na tonge la wali. Juu yake akaweka shati la Noi, kavu, limekunjwa.

"Unachota, unamwita, ukimpata unafunga kwenye shati. Usichungulie. Na umwite kwa jina lake la cheti, unanisikia? Mto huu umemeza akina Noi, akina Kham, akina Nok. Ukiita jina la nyumbani, unawaita wote."

"Nimesikia, mama."

Alisikia kweli. Mimi siwezi kusema hakusikia.

Pheng alimpeleka alasiri. Maji yalikuwa ya kahawia, yanazunguka mawe kwa kishindo. Alifunga boti kwenye mzizi, akageuza mgongo, maana kazi hiyo ni ya wanawake. Sengdao akapiga magoti kwenye changarawe, akatia wavu.

"Njoo, roho ya Chansouk. Usikae kwenye mawe, usikae kwenye povu. Chansouk, njoo nyumbani, kuna yai, kuna wali."

Wavu ulitoka mtupu. Mwepesi. Akachota tena, akaita tena, mpaka sauti ikamkauka. Jua lilikuwa limeingia nyuma ya mlima.

"Binti, twende," Pheng alisema bila kugeuka. "Giza likitukuta hapa, nitahitaji mtu wa kunichota mimi."

"Kidogo tu, mjomba."

Hapo ndipo moyo ulipomcheza. Aliwaza: mdogo wangu lini aliitika Chansouk? Hata mwalimu alipomwita kwa jina hilo alitazama nyuma kuona nani anaitwa. Yuko hapa, ananisikia, ila hajui kama ni yeye. Na kule gestini anakufa. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?

"Noi!" aliita. "Noi, njoo! Dada yuko hapa!"

Wavu ukawa mzito.

Si mzito wa maji. Mzito wa mtu anayeshika upande wa pili. Sengdao aliuvuta kwa mikono yote, akaufunika kwa shati, akafunga. Hakuchungulia. Alikuwa analia kwa furaha.

Pheng alikuwa amegeuka sasa. "Umeita jina gani?" alinong'ona.

"Lake."

Pheng akawasha injini. Njia nzima hakuutazama ule mzigo. Shati lililokuja kavu lilikuwa linadondosha maji kwenye magoti ya Sengdao, na halikukoma.

Mama Kongkeo alikuwa ngazini na taa. Akauliza kama inavyoulizwa kwa desturi: "Amekuja?"

"Amekuja!"

"Amekuja kweli?"

"Amekuja kweli!"

Wakamwekea mgonjwa shati kifuani, wakamfunga nyuzi nyeupe za pamba, za kuishika roho isitoroke, kwenye mikono yote miwili. Fundo la mwisho halijakaza, Noi akafumba macho, akafumbua, akaketi.

"Njaa," alisema.

Sengdao alimkumbatia mpaka mifupa ikalia. Chakula kikaletwa, wali, pilipili ya kuponda, mwani wa mtoni uliokaangwa. Noi aliyekuwa akiuita mwani ule nyasi za ng'ombe aliula wote. Alikula haraka, kichwa chini, kama mtu aliyeachwa bila kula muda mrefu sana. Alipomaliza akalamba vidole, akamtazama mwenye nyumba.

"Mama Keo," alisema, kwa lafudhi ya huko huko mtoni, "mbwa wenu mwekundu yuko wapi?"

Bakuli lilimponyoka Mama Kongkeo.

Alimvuta Sengdao jikoni, akafunga mlango. Akamweleza kwa kunong'ona. Yule mbwa alikufa zamani. Na jina la Mama Keo aliitwa na mtoto mmoja tu, binti wa jirani, aliyezama Mawe ya Nyati akivuka kwenda shule. Hakupatikana. Wazazi wake walihama.

"Alikuwa anaitwa nani?" Sengdao aliuliza, ingawa alishajua.

"Nilikwambia, mwanangu. Nilikwambia."

Sengdao alipiga magoti, akamshika miguu. Amrudishe. Achote upya. Amtoe huyu, aingie yule. Mama Kongkeo alikuwa analia naye.

"Huyu ndiye anayeufanya mwili upumue sasa. Nikimtoa, mwili utakufa kabla hujafika mtoni. Utampelekea mama yako maiti."

Sengdao alikaa jikoni mpaka kulipokucha. Aliporudi chumbani, yule msichana alikuwa ameamka, amejifunga sketi kwa namna wanavyofunga watoto wa kule, ncha upande wa kushoto. Mabegi yote mawili alikuwa ameshayapanga mlangoni.

"Tunaenda kwa mama?" aliuliza.

Walishuka asubuhi, jua kali, mto umetulia. Msichana alikaa ameubana mkono wa Sengdao. Nyuzi zake zilikuwa bado zimelowa. Walipokaribia mawe, akainua viganja vyake vya baridi akamziba Sengdao masikio.

"Usisikilize, dada."

Lakini alisikia. Juu ya kishindo cha maji, juu ya injini, sauti aliyoizoea tangu ikiwa ya kichanga.

"Dada Seng! Ni mimi! Ni Chansouk!"

Hakusema Noi. Noi lilikuwa limeshachukuliwa. Alijiita jina lisilotumika nyumbani, lile la cheti, ili atambuliwe.

"Dada Seng! Chansouk niko hapa!"

Sengdao alifungua mdomo. Boti ilikuwa katikati ya mkondo, Pheng ameshika usukani, meno ameyakaza, hawezi kusimama hata angetaka. Kuitika tu. Neno moja tu. Yule msichana akamtazama, macho ya mdogo wake yamejaa machozi ya mtoto wa watu.

"Ukimwitikia," alinong'ona, "mimi nitaenda wapi?"

Sengdao akafunga mdomo.

Sauti iliita mpaka kona ya mto. Kisha ikauliza, polepole, kama mtu asiye na hakika: "Dada?" Basi.

Vientiane mama yao aliwapokea kituoni. Alimshika binti mdogo mashavu, akamgeuza huku na huku, akamwona mzima. Akamwangalia Sengdao kwa mapenzi. "Umerudi naye," alisema. "Ahsante, mwanangu."

Sengdao akaitikia kwa kichwa.

Mwaka jana tulikwenda kwao sikukuu ya mwaka mpya, mimi na mke wangu. Noi alitukaribisha vizuri, mpole, mchapa kazi, mama yake hasemi ila kumsifu. Alinyoosha mikono nimwongezee uzi wa baraka, nikaona zile za zamani bado anazo. Nilizishika. Zilikuwa zimelowa chapachapa, na kwenye mkeka, chini ya kila mkono, palikuwa na duara la maji.

Mke wangu alikuwa anaandika majina kwenye bahasha za mwaliko wa harusi ya kaka yake. Anapenda mambo rasmi. Akapaza sauti, bila kuinua kichwa: "Na huyu jina lake kamili si Chansouk?"

Noi hakugeuka. Alikuwa amesharudi kwenye matango yake, akaendelea kukata.

Nyuma ya jiko, ndani ya mtungi mkubwa wa maji ya mvua, mtu akaitika: "Ee!"

Mama yao akacheka. "Noi, acha michezo yako." Noi alikuwa mbele yetu, mdomo umefungwa.

Sengdao, aliyekuwa akipanga vyombo, aliacha sahani, akatoka. Nilimfuata. Nilimkuta amepiga magoti, ameukumbatia mtungi, shavu ameligandamiza kwenye udongo wa baridi.

"Chansouk," alikuwa ananong'ona. "Chansouk. Chansouk."

Maji yalikuwa yametulia tuli. Nikamgusa bega, nikamwambia aje ndani.

"Mkeo kamwita mara moja tu," alisema. "Mimi namwita kila siku, shemeji. Mimi haniitikii."