Cheni ya Kuungaunga

Piusi na mkewe Selina wanaishi Mbulumbulu, juu ya mji wa Karatu. Wanalima ngano, mahindi na maharage. Piusi pia ni mchanjaji wa mifugo. Wafugaji wakimwita, anafunga boksi la chanjo kwenye pikipiki yake na kwenda.

Pikipiki hiyo ni ndefu, na matairi yake ni ya kashata, yenye vinundu vikubwa vya mpira. Imetengenezwa kwa ajili ya barabara mbovu. Inapanda makorongo na kupita kwenye tope ambako pikipiki za mjini hukwama.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, cheni ya pikipiki ilichakaa. Ilikuwa inaruka kwenye meno kila alipopanda mlima. Piusi alinunua cheni mpya mnadani. Alipofika nyumbani aliona ni fupi, kwa sababu ilikuwa ya pikipiki ndogo. Hakuirudisha. Alikata pingili sita kutoka kwenye cheni ya zamani, akaziunga kwenye ile mpya. Magurudumu ya meno, yaani sproketi, hakuyagusa.

Selina alimwona akigonga kwa nyundo.

"Baba Neema, hiyo itashika kweli?" aliuliza.

"Itashika," Piusi alijibu. "Nitaangalia vizuri baada ya kupanda maharage."

Wiki mbili zilipita. Cheni ilikuwa inagonga chini ya mguu wake kila siku. Piusi aliisikia, akaendelea na kazi.

Alhamisi moja asubuhi, Selina alipanda nyuma ya pikipiki. Alikuwa anakwenda Karatu kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa. Walikuwa wanateremka mlima taratibu. Ghafla kikasikika kishindo. Cheni ilikatika, ikajizungusha kwenye sproketi ya mbele na kukwama. Gurudumu la nyuma liliacha kuzunguka. Pikipiki iliserereka kwenye tope, ikaanguka ubavu.

Piusi aliinuka na michubuko mikononi. Selina hakuinuka. Mguu wake wa kulia ulikuwa chini ya pikipiki.

"Usinivute," alisema kwa sauti ndogo. "Umevunjika. Nimeusikia ukivunjika."

Jirani yao Wilson alipita na gari lake la kubeba mazao. Walimlaza Selina nyuma, juu ya magunia matupu, wakampeleka hospitali Karatu. Daktari alisema mguu umevunjika mahali pawili.

Jioni Piusi alikaa kando ya kitanda. Hakuweza kumtazama mkewe usoni.

"Ulijua?" Selina aliuliza.

Piusi aliitikia kwa kichwa.

"Nilijua haikuwa sawa," alisema. "Nilikuwa naisikia inagonga. Nikasema nitaitengeneza kesho. Nisamehe, mama Neema."

Selina aligeuza uso ukutani. Alilia bila sauti. Kisha akasema, "Usinunue cheni nyingine mpaka mtu akuonyeshe ulipokosea. Ukishaelewa, uje unieleze na mimi."

Kesho yake Piusi alikwenda kwa Blandina. Huyu ni fundi wa pikipiki hapo Karatu, na anauza spea. Waongozaji wa watalii na mabwana mifugo humpelekea pikipiki zao. Piusi alikuwa ameweka cheni iliyokatika na sproketi zote mbili kwenye mfuko. Alimweleza yote, bila kuficha.

Blandina hakumlaumu. Alimwaga vitu vile juu ya meza ya kazi.

"Pole sana, kaka. Mpe pole na shemeji," alisema. "Sasa tazama meno ya sproketi hii. Unayaonaje?"

"Yamechongoka."

"Yamechongoka, tena yamepinda upande mmoja kama mundu. Hayashiki cheni tena. Cheni mpya ukiivisha kwenye meno kama haya, itaruka na kuliwa haraka. Ndiyo maana cheni na sproketi mbili hubadilishwa pamoja, kama seti moja."

Aliinua pingili zile sita za zamani.

"Na hizi zimelegea. Ulizifunga kwa klipu ya pili, hiki kibanio kidogo kinachoning'inia hapa, na klipu umeigeuza. Upande wake uliofungwa unatakiwa kutazama kule cheni inakokwenda. Ukiigeuza, ikiguswa na jiwe au kijiti inachomoka."

Piusi aliishika klipu ile kwa vidole viwili. Ilikuwa ndogo kuliko kucha yake.

"Kitu kidogo hivi," alisema.

"Kidogo hivyo," Blandina alijibu.

Kisha alimwonyesha namba iliyogongwa kwenye ubavu wa cheni. Ilikuwa 428.

"Hii ndiyo saizi. Zipo pikipiki kubwa za porini zinazotumia 520. Namba ya cheni na ya sproketi lazima zifanane. Usikisie kwa macho. Soma namba, au soma kitabu cha pikipiki. Baada ya hapo hesabu meno, halafu hesabu pingili."

Walihesabu pamoja. Sproketi ya mbele ilikuwa na meno kumi na tano. Ya nyuma ilikuwa na arobaini na nane. Kitabu cha pikipiki kilisema hivyo hivyo, na kilisema cheni iwe na pingili mia moja ishirini na nane.

"Naweza kuweka ya nyuma yenye meno machache ili iende kasi?" Piusi aliuliza.

"Unapita wapi? Unabeba nini?"

"Milimani, kwenye tope. Nabeba chanjo. Namb..." Alisita. "Nambeba mke wangu."

"Basi mbio si hitaji lako. Meno mengi nyuma yanaipa pikipiki nguvu ya kupanda. Ukiyapunguza, itakwenda kasi barabarani lakini mlimani itachoka. Baki na hesabu ya kiwandani. Inakufaa."

Blandina alimletea sproketi za chuma, maana chuma hakiliki upesi. Alimletea pia cheni imara, yenye vipete vidogo vya mpira kati ya pingili.

"Mpira huu unazuia tope lisiingie, na grisi isitoke," alisema. "Bei yake iko juu, lakini kwa njia zako itadumu. Usiioshe kwa petroli, itaharibu mpira. Usiipake oili chafu ya injini pia, inakamata mchanga. Ioshe kwa maji na sabuni, ikaushe, upake oili ya cheni."

Siku tatu baadaye Piusi na Wilson waliileta pikipiki kwa gari la Wilson. Blandina alimwacha Piusi afunge mwenyewe, yeye akisimamia. Gurudumu la nyuma walilinyoosha kwa kufuata alama zilizo pande zote mbili za gurudumu. Mwisho Blandina aliusukuma upande wa chini wa cheni juu na chini, katikati ya sproketi mbili.

"Iwe na ulegevu kiasi kile kitabu kinachosema. Ikibana sana itakatika. Ikilegea sana itatoka. Cheni mpya hulegea kidogo mwanzoni, kwa hiyo ipime tena baada ya safari chache. Na siku ukiivuta cheni kwa nyuma, pale inapozunguka sproketi ya nyuma, ukaona nusu ya jino iko wazi, imekwisha. Usisubiri."

Jioni ile Piusi alirudi hospitali, akamweleza Selina yote. Selina alimuuliza maswali mengi. Palipomchanganya, Piusi alichora kwenye karatasi.

Selina alitembea kwa magongo miezi minne. Kipindi hicho Piusi alipika, alichota maji, na alipalilia peke yake. Mvua zote zile aliendelea kuchanja ng'ombe milimani. Kila Jumamosi aliosha cheni na kuipima. Haikuruka hata mara moja.

Siku ya kwenda kliniki mara ya mwisho, Selina alisimama kando ya pikipiki. Aliinama, akaipima cheni mwenyewe, akaangalia klipu. Kisha akapanda. Waliteremka mlima ule taratibu.

Mwezi uliofuata, Raphaeli, jirani yao, alikuja nyumbani akiendesha pikipiki. Cheni yake ilikuwa inaruka.

"Kaka Piusi, nimesikia una kipande cha cheni ya zamani," alisema. "Nipe pingili chache tu niunge. Leo nampeleka mke wangu na mtoto sokoni."

Piusi alifungua mdomo, lakini Selina alitangulia. Alitoka jikoni akichechemea, akavuta gauni lake kidogo. Kovu lilikuwa refu, kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo cha mguu.

"Shemeji, hizi ndizo pingili chache," alisema.

Raphaeli alilitazama kovu lile. Alizima pikipiki, akatoa ufunguo, akauweka mfukoni.

"Huyo fundi Blandina," aliuliza, "kesho anafungua saa ngapi?"