Kinga ya Papa Clément Haina Chambre

Papa Clément anakaa peke yake katika mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi. Kenya ni mtaa wenye watu wengi na makelele mengi. Asubuhi redio zinaimba, mafundi wanagonga mabati, wanakwaya wanajaribu sauti zao. Lakini kelele za jirani hazimjazi mtu nyumba. Mke wake, Annie, alifariki. Mtoto wake, Doudou, yuko Ubelgiji. Siku nyingine jua linapanda na kushuka bila Papa Clément kusema neno, isipokuwa "jambo" kwa mama anayeuza mikate.

Jumapili tu ndiyo ilikuwa siku yake. Baada ya misa alipanda baiskeli yake, au kinga, kama wanavyosema Lubumbashi, akaenda kumwona dada yake mkubwa. Dada huyo anaitwa Ntumba. Papa Clément anamwita Yaya, kwa sababu ni mkubwa wake. Watoto wengine wa mama yao wamekufa, wamebaki hao wawili.

Yaya Ntumba anakaa mbali, kupita mashamba ya Annexe, pembeni ya mji. Huko simu haipati réseau, yaani mtandao. Macho yake yamechoka, hawezi tena kusafiri mpaka mjini. Pikipiki zinaishia mtoni, kwa sababu daraja limebaki magogo tu. Ng'ambo ya mto ni mchanga, mawe na miiba. Papa Clément ana goti bovu, hawezi kutembea njia yote hiyo kwa miguu. Anachoweza ni kusukuma kinga juu ya magogo, kisha kupanda tena. Bila kinga, hakuna Yaya.

Doudou alilijua jambo hilo. Ndiyo maana alituma kinga mpya kutoka Ulaya, ndani ya kontena. Ilikuwa kinga ya barabara za mawe. Ilikuwa nyepesi, na matairi yake yalikuwa mapana, yenye meno madogo. Pamoja nayo alituma chupa ya dawa nyeupe.

Majirani walikuja kuiona kinga. Waliishika, waliinyanyua, wakatikisa vichwa. Na ile chupa? Papa Clément alifanya kama tunavyofanya wengi wetu. Kitu cha Ulaya hakitumiwi ovyo. Aliifungia katika kabati, pamoja na sahani za harusi ambazo hazijawahi kuonja chakula. Huko ikakaa salama, bila kazi.

Miezi ilipita. Kinga ilikimbia vizuri, miiba haikuisumbua. Halafu joto la Septemba lilikuja. Asubuhi moja tairi la nyuma lilikuwa limelala chini, halina hewa.

Papa Clément aliipeleka kwa Djo. Djo anatengeneza baiskeli kando ya barabara, na ni fundi mzuri. Alifungua tairi, akaingiza mkono, akautoa. Akauingiza tena.

"Papa, chambre haiko," alisema.

"Haiko namna gani?"

"Haiko. Angalia weye mwenyewe. Kuko paka kintu keupe tu, kamekauka sawa maziwa ya kuharibika."

Alifungua na tairi la mbele. Humo pia hakukuwa na chambre à air, ule mpira wa ndani unaobeba hewa.

"Baliiba njiani, papa," alisema Djo kwa huruma. "Bintu ya mu kontena, bantu banafunguaka. Balibeba chambre zote mbili, bakakuachia paka pneu tu, tairi ya inje."

Papa Clément alisikia uchungu. Hakuuhurumia mpira. Alimhurumia mtoto wake aliyefanya kazi kule mbali ili baba apate kinga nzima.

Djo alifanya anachojua. Alikwangua ule weupe wote, akaosha matairi kwa sabuni. Alitoa valve za zamani, vile vimrija vya kupitishia hewa, akamrudishia Papa Clément ndani ya kifuko. Kisha alitia chambre mpya.

Jioni Doudou alipiga simu.

"Kinga iko namna gani, papa?"

"Iko muzuri," alisema Papa Clément. Halafu akaaga haraka, akasema kuna mtu mlangoni. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Tangu siku hiyo simu zao zikawa fupi. Papa Clément aliogopa swali lile. Hakutaka kusema uongo tena, na hakutaka kusema ukweli. Basi alisema kidogo sana. Doudou alidhani baba amechoka.

Jumapili iliyofuata tairi lilitoboka kabla ya mto. Papa Clément alirudi akisukuma. Djo aliziba. Jumapili nyingine likatoboka tena, mahali palepale. Djo akaziba. Likatoboka tena. Mwishowe Papa Clément hakuondoka nyumbani. Alikaa kitandani na nguo zake za kanisani, akiangalia saa ambayo Yaya angekuwa anamsubiri.

Jumapili zikapita hivyo. Yaya hakuwa na njia ya kujua kama mdogo wake ni mgonjwa, au amekufa, au amemchoka. Jambo hilo lilimuuma Papa Clément kuliko yote. Alijiona mtu asiye na mtu huku wala kule.

Karibu na nyumba yake anakaa Mariam. Familia yake ilitoka Maniema zamani. Mariam anauza vitambaa sokoni na mama yake, na siku za mapumziko anashindana katika club ya baiskeli. Siku moja alimkuta Papa Clément akisukuma kinga kutoka kwa Djo.

"Bonjour, papa. Juu ya nini unasukuma kinga ya muzuri hivi?"

"Pneu inatobokaka kila siku, mwanangu. Baliiba chambre yake mu kontena. Djo alitia ingine, lakini haikawie."

Mariam aliinama, akaangalia matairi. Alitaka kucheka. Alipouona uso wa mzee, akaacha.

"Papa, hakuna mwizi. Hii kinga haikukuwa na chambre hata siku moja."

"Sasa hewa inakaaka wapi?"

"Mu pneu yenyewe. Pneu inabana chuma ya roue, ya gurudumu, sawa kifuniko ya sufuria, hewa haipate kwa kutokea. Na mule ndani banatiaka dawa ya maji, liquide préventif. Mwiba ukitoboa, hewa inasukuma ile dawa mu tundu. Dawa inakauka palepale, inaziba. Weye unaendelea na njia."

Papa Clément aliinua kichwa.

"Dawa ya namna gani? Nyeupe?"

"Nyeupe, sawa maziwa."

"Djo aliikwangua yote. Ilikuwa imekauka."

"Njo ile," alisema Mariam, yaani ndiyo hiyo. "Inakaukaka, papa. Joto ya huku inaikausha mbio. Kila miezi tatu inafaa kuangalia, na kuongeza. Usipoongeza, njo unabakia na pneu ya bure."

Papa Clément alikumbuka kabati lake. Aliona haya, lakini kuuliza si ujinga.

"Doudou alituma chupa moja. Niliiweka mu armoire. Niliona ni kintu ya Bulaya, siyo ya kuchezea."

Sasa Mariam alicheka, na mzee akacheka naye. Ilikuwa muda mrefu hajacheka na mtu.

"Papa, kintu ya Bulaya nayo inazeekaka mu armoire. Ilete tuangalie."

Waliweka kinga uani, chini juu, magurudumu yakitazama mbingu. Djo aliitwa, akaja na pampu yake kubwa. Mariam alimweleza.

"Kumbe miye njo nilitupa dawa," alisema Djo. "Nilizani ni uchafu."

"Nani alikuonyesha mbele ya leo?" alijibu Mariam. "Hata miye kule club nilifundishwa."

Kwanza walitoa gurudumu la nyuma na chambre yake. Kisha Mariam alichukua kitambaa, akakipitisha ndani ya tairi lote, polepole. Hakutumia vidole vitupu, kwa sababu vinaweza kukatwa. Mahali pamoja kitambaa kilikwama. Kulikuwa na ncha ya mwiba ndani ya mpira, imevunjikia humo. Haikuonekana kwa nje.

"Huyu njo adui," alisema Mariam. "Kila chambre mulitia, alikuwa anaitoboa yeye."

Djo aliutoa kwa koleo. Waliangalia utepe unaofunika matundu ya ndani ya gurudumu. Ulikuwa mzima. Ungekuwa umepasuka, hewa ingetokea hapo, na dawa isingesaidia. Papa Clément alileta kifuko cha valve, wakazirudisha mahali pake na kuzikaza kwa mkono.

Mariam alitikisa chupa kwa nguvu.

"Dawa inalalaka chini," alisema. "Usipotikisa, unamimina maji tupu."

Aliifungua, akaangalia. Haikuwa na mabonge, ilikuwa bado nzuri. Alirudisha tairi, akaacha sehemu ndogo wazi. Hapo Papa Clément mwenyewe alimimina vijiko vinne vya kulia chakula. Wakafunga sehemu iliyobaki, wakapaka maji ya sabuni pembeni ili tairi liteleze. Djo alipiga pampu haraka haraka, bila kupumzika. Tairi lilivimba, likalia pah, halafu pah tena.

"Limekamata," alisema Mariam. "Sasa zungusha, papa. Lilaze huku, lilaze na kule. Dawa ifike kila mahali."

Walifanya hivyo hivyo kwa gurudumu la pili. Walipomaliza, Papa Clément aliuliza kama mwanafunzi.

"Na nikikuta mwiba mu njia?"

"Utoe. Utasikia sss, utaona dawa inatoka. Usiogope. Zungusha roue, tundu iende chini, kwenye dawa iko. Ungoje kidogo. Ikinyamaza, ongeza hewa, panda."

"Na tundu ikikuwa kubwa?"

"Dawa haizibe kila kintu. Tundu ya chupa ao ya chuma, ile inaweza kuishinda. Juu ya ile, beba chambre moja na pompe mu mufuko. Ukikwama, unatia chambre, unafika. Lakini mbele ya kutia, pitisha kitambaa kwanza."

Djo alisikiliza yote. Tangu siku hiyo, kila mtu anayemletea tairi, yeye anapitisha kitambaa ndani kabla ya kufanya lolote.

Jioni Papa Clément alimpigia Doudou simu yeye mwenyewe. Hakungoja kuulizwa.

"Doudou, dawa yako niliiweka mu armoire. Pneu ilikuwa inatobokaka kila siku. Nilikuficha ukweli."

Kule Ubelgiji Doudou akacheka sana, akacheka mpaka akakohoa. Alisema kosa ni lake pia, hakueleza kitu. Walizungumza mpaka simu ya Papa Clément ikaisha moto wa betri.

Jumapili ilifika. Baada ya misa Papa Clément alipanda kinga yake. Alipita mashamba ya Annexe, mahindi yalikuwa hayajapandwa, udongo ulikuwa mwekundu na mtupu. Hakukutana na mtu wa kuzungumza naye. Alifika mtoni, akasukuma kinga juu ya magogo, akapanda tena.

Kwenye mchanga alisikia sauti nyembamba. Alishuka. Mwiba ulikuwa umesimama katika tairi la nyuma. Alitazama mbele, akatazama nyuma. Hakukuwa na Djo wala Mariam, kulikuwa na njia tu. Aliuchomoa mwiba. Hewa ikalia, matone meupe yakaruka juu ya mchanga. Alizungusha gurudumu, akaleta tundu chini, akangoja. Sauti ilipungua. Ikawa kama pumzi ya mtu aliyelala. Halafu ikakoma.

Aliongeza hewa kwa pampu ndogo. Alibonyeza tairi kwa kidole, likakataa kubonyea. Akapanda.

Zamani Yaya Ntumba alikuwa akimsubiri nje, chini ya paa la jikoni. Leo hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umerudishwa. Papa Clément aliogopa kubisha. Alisimama pale na kinga yake, mtu mzima mwenye mvi, akiogopa kama mtoto.

Akabisha.

"Nani?" sauti iliuliza.

"Ni miye, Yaya. Clément."

Alisukuma mlango taratibu. Yaya alikuwa amekaa chini, mbele ya sahani ndogo ya bukari, yaani ugali, na majani ya matembele. Mkono wake ulikuwa umesimama katikati ya sahani na mdomo.

"Uko muzima?"

"Niko muzima, Yaya. Kinga ilikuwa imekufa. Sasa iko muzuri. Nitakuya kila Jumapili."

Yaya aliweka tonge chini. Alinyoosha mkono, akatafuta uso wa mdogo wake, akaupata. Aliushika muda mrefu.

"Jumapili ya kwanza nilipika ya bantu bawili," alisema. "Ile ingine pia, nikatupia kuku. Kisha nikaanza kuzoea. Kuzoea ni mubaya, Clément. Usiniache nizoee tena."

Papa Clément alinawa mikono, akakaa chini karibu naye. Yaya alisukuma sahani katikati. Ulikuwa bukari wa mtu mmoja, wakaula wawili, polepole.