Tangazo Lililokatwa na Betri

Mjomba wangu, karani mstaafu, aliinunua redio ile kwenye mnada wa mali chakavu za ofisi moja ya umma, Jumamosi asubuhi isiyo na neno. Ilikuja na cheti chenye mhuri, kinachothibitisha kwamba inafanya kazi, kilichosainiwa na ofisa ambaye kwa kauli yake mwenyewe hakuwahi kuiwasha. Mjomba alikuwa amezeeka na mihuri. Akaiamini.

Ilikuwa ya zama za taa za kioo: ukiiwasha, taa zilizomo ndani zinapata joto kwanza, ndipo sauti inakuja. Fundi redio wa mtaani, tuliyemwita Waya kwa wembamba wake, alimweleza tatizo. Inataka betri mbili, moja ya kupasha taa joto, na nyingine kubwa ambayo hakuna kiwanda kinachoitengeneza tena. Badala ya hiyo kubwa, Waya aliunganisha betri ndogo za mraba kichwa kwa mkia, kama mabehewa.

"Hii inakula, mzee," alionya. "Usiiache inaongea peke yake."

Walikuwa watatu nyumbani: mjomba, mkaza mjomba, na binti yao wa pekee, binamu yangu, aliyerudi kwao kujifungua mimba ya kwanza. Walikaa barazani wote siku redio ilipozungumza. Sauti ya mwanamume, taratibu, ya zamani: inasoma matangazo ya vifo. Familia ya... Sauti ikakonda, ikafa. Betri, mpya kabisa, zilikuwa tupu.

Mjomba akaweka nyingine. Safari hii msomaji alifika mbele kidogo, akataja jina la babu yetu. Wakacheka, majina hufanana. Seti iliyofuata ikafika kwenye anwani: nyumba ya nyuma ya kituo cha mafuta, yenye geti la kijani. Inasikitika kutangaza kifo cha...

Ikakata.

Geti lao lilikuwa la kijani. Hakuna aliyecheka.

Mjomba aliandikia mamlaka ya utangazaji. Walimjibu kwamba stesheni hiyo ilifungwa zamani, kwa hiyo kisheria haisikiki. Na iwapo inasikika, je, anacho kibali cha kumiliki redio? Alitusomea barua hiyo kwa sauti ya kiofisi, na kwa mara ya mwisho nikamwona akifurahi.

Wiki hiyohiyo binamu yangu alivimba miguu, presha ikapanda, akalazwa.

Kuanzia hapo mjomba alikuwa na swali moja tu. Mkaza mjomba alilijua, akalikataa. Alimwambia kwamba tangazo lisilomalizika si tangazo. Likikatika hapo, basi limekatika, na wote wako hai. Akazitupa betri zote kwenye pipa, akaenda kukaa na mwanawe wodini.

Haya yanayofuata nimeyapata kwake.

Alirudi adhuhuri moja kuchukua nguo safi. Akamkuta mumewe barazani. Alikuwa amezitoa betri pipani na kuzianika juu ya bati, kama tunavyofanya wote tukitaka kuzikamua tone la mwisho. Zilikuwa bado za moto. Alikuwa ameshaziunganisha.

"Zima, baba," alimwambia.

Mjomba aliinua kidole. Ngoja.

Taa zikapata joto. Sauti ikaja. Familia. Jina la babu. Geti la kijani. Kifo cha. Mkaza mjomba aliziba masikio, lakini alisikia.

Lilikuwa jina la mjomba. Kamili, na cheo chake cha ukarani.

Alicheka. Machozi yalimtoka, akawa anajipigapiga kifuani kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Ni mimi," alinong'ona. "Umesikia? Ni mimi, si mtoto."

Mkaza mjomba akanyoosha mkono kuizima. Mjomba akamzuia.

"Acha tusikie nimeacha nani."

Betri zile zilipaswa kuwa zimekufa. Sauti haikukonda. Ilizidi kuwa safi, karibu, kama msomaji amevuta kiti.

"Marehemu ameacha mjane."



Mjomba alisubiri. Aliinama hadi sikio likagusa kitambaa cha spika. Alisubiri neno "na". Alisubiri mtoto mmoja, mjukuu mmoja, chochote.

Msomaji alivuta pumzi. Akageuza karatasi. Akaanza familia nyingine, ya mtaa mwingine.

Mjomba alizing'oa waya. Redio iliendelea kusoma.

Simu ikaita ndani ya mkoba wa mkaza mjomba. Ilikuwa namba ya hospitali. Wala hawakuipokea mara moja. Waliiangalia tu.

Tulimzika binamu yangu na kichanga chake pamoja. Mjomba alirudi kutoka makaburini, akaketi kitandani, akavua kiatu kimoja. Hakuvua cha pili; tulimkuta hivyo, ameshapoa.

Niliuliza kama tupeleke tangazo redioni. Mkaza mjomba alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto; lilikwisha kusomwa.

Waya ndiye aliyeichukua redio, ikiwa imeshanyamaza, akaifungua. Hakuona cha ajabu. Betri zilizoanikwa alizipima, zote zimejaa. Kwa kuwa fundi hatupi kitu, moja aliifunga kwenye taa yake ya kazi.

Taa hiyo haijazimika tangu hapo. Ameshaitoa betri. Taa ameifungia kwenye droo, na wateja wakimuuliza anasema ni mambo ya ufundi. Nimepita pale mwenyewe, mchana kweupe: kwenye mwanya wa droo kuna mstari mwembamba wa mwanga, na mbao zake ni za moto.