Kilio Ndani ya Sidii ya Mapigano

Mpiganaji alilia kabla hajapigwa.

Sabir alisikia, akadhani masikio yanamdanganya. Pale kwenye televisheni ya kibanda chake, katika kichochoro cha Mji wa Kale, yule jamaa wa shati jekundu alikuwa amesimama tu, adui yake bado yuko mbali, na tayari alikuwa ametoa ukelele. Ukelele mwembamba, unaoanza juu na kuishia kwenye kwikwi. Sabir akalianza pambano upya. Mara hii mpiganaji alikula ngumi tatu za uso, na hakutoa sauti hata kidogo.

"Mashine nazo zina mambo yake," alijisemea, akazima, akafunga kibanda mapema.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, na sidii ile ya mchezo aliitengeneza mwenyewe. Ule ukumbi wa gemu wa Bondeni, wenye mashine kubwa za kutia shilingi na kucheza umesimama, ulikuwa umegeuzwa duka la magodoro. Mashine mpya za sidii zilikuwa zimeingia majumbani, lakini watu waliokulia Bondeni hawakuridhika. Walimjia Sabir, fundi wa televisheni, wakamwambia, "Bwana fundi, ile michezo yetu ya zamani iko wapi? Hii mipya haina utamu." Sabir akaziokota bodi tano za michezo ya mapigano kutoka kwenye mashine za ukumbi kabla hazijatupwa, akamtafuta Dishon, karani wa kompyuta huko Mbaraki, kichwa kwelikweli. Dishon akaihamisha michezo yote mitano ikaingia kwenye sidii moja.

Picha zilitoka safi. Sauti ndiyo iliyokuwa imekufa, imeliwa na chumvi ya hewa ya pwani.

"Niletee sauti," alisema Dishon. "Za ngumi, za mateke, za mtu anayeumia. Mapigano bila kelele ni watu wawili wanacheza chakacha."

Ngumi zilipatikana kwa kulipiga godoro la sufi. Kilio ndicho kilichowashinda. Alilia Sabir, akalia Dishon, wote wawili wakasikika kama mbuzi wa Idi. Hapo ndipo Sabir alipoikumbuka kaseti.

Na hapo ndipo anapostahili lawama, wala asitetewe na mtu. Kaseti ile ilikuwa na sauti ya Ruweida, dadake wa tumbo moja. Mwaka uliotangulia Ruweida alipandwa na jini, akakaa miezi mitano hali, halali, hamjui mama wala jirani. Akaletwa Bi Mwanakuu, fundi wa kupunga majini, na vyetezo vyake. Kabla hajaanza, aliwakalisha watu wa nyumba akawapa sharti moja. Siku ya kutoka, jini hulia, na kilio hicho ndicho njia yake ya kwendea. Kisirudiwe, kisiigwe hata kwa mzaha, kwa sababu anayekirudia anamwita mwenyewe arudi. Watu wote waliapa. Sabir naye aliapa, na huku rekoda yake inazunguka chini ya kitanda.

Alikuwa na sababu, tena mbaya. Hakumwamini dadake. Alidhani Ruweida anajitia, kwa vile hakutaka kuozwa binamu yake, na alitaka amnase ili amuumbue. Alipoisikiliza kaseti peke yake, alijua kwamba hakuwa akijitia, akaona haya. Lakini haya gani hiyo? Hakuifuta. Aliificha.

Basi akakata kilio cha kuagana cha jini, kipande kifupi tu, akampelekea Dishon.

"Ala! Umempata wapi huyu?"

"Redioni," alisema Sabir.

Sidii arubaini zikaisha kwa wiki moja. Watu wakamsifu mpaka msikitini.

Ruweida wakati huo alikuwa mzima. Alikuwa akifundisha watoto Kurani chuoni, amenenepa, amerudi kuchekacheka na kumtania kaka yake kuhusu kipara kinachoanza. Halafu siku moja wakati wa chakula cha mchana, saa zile jua liko utosini na vichochoro vimelala, aliacha tonge hewani.

"Kaka," alinong'ona. "Nani aniita?"

"Hakuna mtu."

"Husikii? Yuwaniita kwa sauti yangu mwenyewe."

Sabir alisikia. Ng'ambo ya kichochoro, dirisha likitazamana na lao, wana wa jirani yao Mejumaa walikuwa wamewasha mashine. Ngumi, teke, kilio. Kila kilio kilipotoka, bega la Ruweida liliruka. Kilio, bega. Kilio, bega. Mama yao akauliza, "Una nini, mwanangu?" na Sabir, aliyejua, aliinama akaendelea kuchambua miiba ya samaki.

Aibu ilimla, lakini mdomo haukufunguka. Alijiambia ataziokota sidii zake kimyakimya, atawaambia watu zina kasoro. Aliokota mbili, watu wengine wakamcheka, "Kasoro gani, fundi? Tamu hizi!" Na kila adhuhuri harufu ilizidi pale nyumbani, kwanza ya ubani uliolowa maji, kisha ya nywele zilizoungua, harufu iliyopanda ngazi polepole kuanzia ukumbini ikasimama mlangoni kwa Ruweida ikangoja, na Ruweida akaacha kwenda chuoni, akaacha kula, akawa anakaa chini kauelekea ukuta akihesabu vilio kwa vidole, na vidole vikimwishia anaanza upya, mpaka siku ya tisa, Sabir alipomletea uji, akageuka na kumtazama kwa macho asiyoyajua kaka yake, macho yaliyokuwa yakimchekea, akasema kwa sauti nzito ya mtu aliyekula akashiba, "Ahsante, fundi. Niite tena."

Alasiri ile ile mama akamwita Bi Mwanakuu.

Bi Mwanakuu alitia udi na ubani kwenye makaa, akamfunika Ruweida shuka nyeupe, akampunga. Hakuchukua muda. Jini alikuja hata kabla hajaitwa vizuri.

"Tuliagana, bwana," alisema Bi Mwanakuu kwa adabu. "Ulikula kiapo. Mbona umerudi?"

"Nimeitwa."

"Nani aliyekuita?"

"Yumo humu chumbani."

Bi Mwanakuu akawatazama mmoja mmoja. "Mwenye neno na aseme. Asiposema, mtoto atakufa mikononi mwangu, nami sitaki dhima hiyo."

Mama alikuwa akilia kwa ndani. Chini ya shuka pumzi ya Ruweida ilikwaruza, ikakatika, ikarudi ndogo zaidi. Sabir akapiga magoti.

"Ni mimi. Nilirekodi siku ile. Kilio nimekitia kwenye gemu."

"Ulimrekodi mwanangu?" Mama yake alisema polepole. "Yuko katika hali ile, Sabir?"

"Nilidhani anajitia, mama. Nisamehe."

Mama aligeuza uso, na Sabir angeona afadhali kofi.

Chini ya shuka jini akacheka, cheko la mtu aliyeridhika. "Bibi, usijisumbue na udi wako. Huyu simtaki tena, nimemwacha. Nilikuwa na kiti kimoja tu cha kukalia, mwili wake, tena chembamba. Ndugu yake amenitafutia vingi."

Shuka ikatulia. Ruweida akashusha pumzi ndefu, jasho likamtoka, uso ukarudi kuwa wake. Mama alimrukia akamkumbatia, akapiga vigelegele huku machozi yanamtiririka. Bi Mwanakuu peke yake ndiye hakufurahi. Aliweka chetezo chini.

"Sabir. Gemu hizo ni ngapi?"

"Arubaini, Bi. Mbili ninazo."

Kabla Bi Mwanakuu hajainuka, kutoka kwa Mejumaa kilikuja kilio, kile kile, kinachoanza juu na kuishia kwenye kwikwi. Sabir aliinuka mbio kwenda dirishani awapigie kelele wazime. Hapo akakumbuka kwamba umeme ulikuwa umekatika mji mzima tangu asubuhi. Ng'ambo ya pili televisheni ilikuwa nyeusi. Binti mdogo wa Mejumaa alikuwa amekaa chini kauelekea ukuta, anahesabu vidole, na mama yake amemshika mabega akimwita jina asiitike. Kisha kilio kikatoka nyumba ya tatu, kikajibiwa nyuma ya msikiti, kikajibiwa mbali zaidi, upande wa Bondeni.

Nyuma yake Ruweida alikuwa ameketi, mzima kabisa, ameshika bilauri ya maji kwa mikono miwili.

"Kaka," aliuliza, "mbona watu wote wale walia kwa sauti yangu?"