Siku ya Kurusha Maputo

Ijumaa jioni, duka la kuku la mtaa wa Madison, Chicago, halina hata nafasi ya kugeuza shingo. Watu wamebanana, mafuta yanachemka, muuzaji anafoka nyuma ya kioo cha kuzuia risasi. Hapo ndipo Darnez alipomkanyaga msichana mguu.

"We kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani, dada. Nilikuwa nasoma mgongo wako."

Msichana alivaa jaketi la rangi ya chungwa, nywele kazisuka hadi kiunoni, na mgongoni pameandikwa TUZEEKE. Ndilo jina la kundi la vijana aliloanzisha baada ya kaka yake kupigwa risasi akisubiri basi. Walitaka bunduki zitoke mitaani. Yeye aliitwa Keyonna.

"Uzeeke na sura hiyo? Huoni dhambi?"

"Nitazeeka mpaka meno yang'oke, na kuku nitamlamba hivyo hivyo."

"Basi nitakutafunia."

Keyonna hakutaka kucheka, akacheka. Darnez alikuwa mtanashati, viatu vyeupe pee, kazi yake kupakia mizigo uwanja wa ndege. Kuku hawajaiva, namba za simu zimeshabadilishwa.

Ikawa simu asubuhi, simu jioni.

"Umekula, mrembo wangu?"

"Nimekula maneno yako, sijashiba."

Darnez, aliyezoea kusema bango halizuii risasi, akaonekana kwenye maandamano kabeba bango. Mapenzi bwana!

Lakini alikuwa na kidonda. Binamu yake Lavon, waliyelelewa naye nyumba moja na shangazi Verlene, mama yake Lavon, aliuawa mwezi wa nne na vijana wa mtaa wa pili. Rafiki zake walikuwa wakimsubiri alipize kisasi. Keyonna alilijua hilo, na kila alipomkumbatia alikuwa akimwomba Mungu kimoyomoyo.

Ikafika siku ya kuzaliwa ya Lavon. Kule marehemu hasahauliki siku yake: ndugu hukusanyika pale alipoangukia, wakarusha maputo angani huku wakiliita jina lake. Na liko sharti ambalo hata mtoto analijua: hakuna kurusha video mtandaoni mpaka kila mtu amefika kwake. Adui naye ana simu.

Keyonna alilijua sharti hilo kuliko wote. Ila shangazi Verlene alipoinua puto la bluu na kulia, "Lavon, mwanangu, leo ungetimiza ishirini!", Keyonna moyo ulimshinda. Acha mji mzima uone, alijiambia. Akainua simu, akarusha mtandaoni moja kwa moja, na kibao cha jina la mtaa kikaonekana nyuma ya kichwa cha shangazi. Lo! Maputo hata hayajapotea machoni, gari jeusi likakata kona.

Shangazi hakufa. Risasi ilimwingia uti wa mgongo, na miguu haikumbeba tena.

"Ulirusha?" Darnez aliuliza kwenye korido ya hospitali.

"Darnez, mpenzi..."

"Nakuuliza, ulirusha?"

"Nilirusha."

"Usiniite mpenzi."

Tangu hapo simu haikupokelewa. Keyonna alivua jaketi lake, akalia mpaka macho yakavimba. Mchana mmoja rafiki wa Darnez, mwenye huruma kidogo, alimpigia na kumnong'oneza: leo anakwenda kulipiza, na bunduki anayo. Keyonna alitoka mbio na malapa. Akamkuta ndio anawasha gari, akafungua mlango, akaketi.

"Shuka."

"Sishuki."

"Keyonna, shuka, nitakuvunjia heshima!"

"Nivunjie. Si unamtafuta aliyemlemaza shangazi? Nusu yake huyu hapa. Anza na mimi."

"Usiseme hivyo."

"Nitasema! Mimi ndiye niliyewaonyesha njia. Nimekosa, Darnez, na kosa hili nitazikwa nalo. Lakini wakikuua wewe, au ukafungwa maisha, shangazi atabebwa na nani kwenda msalani?"

Darnez aliinamia usukani, akaangua kilio, mtu mzima. Keyonna alimshika shingo. Kisha waliipeleka bunduki kwa padri wa jirani, ambaye huzipokea bila maswali.

Rafiki zake Darnez walimwita msaliti. Maadui nao, nani angewaambia kwamba ameacha kisasi? Ikabidi aondoke, ampeleke shangazi kwa ndugu zao Mississippi.

"Twende wote," alimwambia Keyonna siku ya safari, amemshika mashavu kwa mikono miwili. "Tufunge ndoa kule. Nitakutunza, mama."

"Nakupenda mpaka naumwa. Lakini nilichokiharibu kiko hapa, Darnez. Nikikimbia, sitajitazama kwenye kioo."

Hakumlazimisha. Shangazi Verlene, kiti cha nyuma, hakuwa amemsemesha Keyonna tangu siku ile. Alinyoosha mkono dirishani, akamfunga kifungo cha lile jaketi la chungwa, alilokuwa amelivaa tena, maana upepo ulikuwa mkali. Gari likaondoka.

Sasa imebaki simu. Kila jioni Darnez hupiga, na haanzi na salamu.

"Uko ndani?"

"Niko ndani, mpenzi wangu."

"Mlango umefunga?"

"Nimefunga. Shangazi kala?"

King'ora kikipita, Keyonna huziba simu kwa kiganja. Muda wote huo yuko barabarani na wenzake wa kundi, wamesimama katikati ya vijana wa mitaa miwili wanaotazamana kwa jicho baya. Humwambia alale salama, akatia simu mfukoni, akarudi katikati yao.