Ngazi za Solgol

Mtaa wetu wa Solgol uko mlimani. Kuufikia ni kupanda ngazi mia moja na kumi na mbili, nyembamba, zilizomeguka, zisizo na mahali pa kushika. Gari halifiki. Kila asubuhi ya baridi, Bibi Bang Ok-rye hutoka na ndoo ya majivu ya jiko lake la makaa ya mawe. Huyamwaga juu ya barafu, ngazi moja baada ya nyingine, ili watu wasiteleze. Sisi wengine humsaidia kwa zamu. Yangu ni Alhamisi; mimi ni jirani yake wa nyumba ya tatu.

Mumewe, Mzee Tak Chun-sik, figo zake hazifanyi kazi. Mara tatu kwa wiki hushuka kliniki kusafishwa damu, na hushuka mgongoni kwa majirani. Baridi iliyopita tuliteleza naye mara mbili. Mtoto wao, Jun-tae, akapiga simu kutoka mji anakofanya kazi. Alisema amechoka kuogopa. Baridi nyingine ikianza ngazi zikiwa vilevile, atampeleka baba kwenye makao ya wazee. Mume na mke hao wameishi pamoja miaka arobaini na minane.

Si kwamba hatukuwa tumeomba. Tuliomba, na ofisi ya mji ikamtuma afisa, Bwana Gil, aje kukagua. Naona haya kusimulia tulichofanya. Tulifagia ngazi zote. Tukavunja barafu, tukaziba mashimo kwa saruji, tukamwaga majivu mapya. Bibi Ok-rye akampikia uji wa maboga. Bwana Gil alikula, akasifu mapishi, akaandika kwamba ngazi zinapitika. Fedha zikaenda kwenye maghorofa yaliyo chini ya mlima, kubadilisha vigae vya njia ambavyo havikuwa vimechakaa. Tuliwasengenya watu wa maghorofani mpaka tukachoka.

Siku moja nesi Pyo Mi-ran, anayezunguka majumbani kupima wagonjwa, alitukuta kwa Bibi Ok-rye tukilalamika.

"Mnawalaumu bure," alisema. "Wenzenu waliomba, wakalipigia ombi lao kura kwa simu. Nyinyi mlimficha daktari ugonjwa."

Bibi Ok-rye alinuna. "Ulitaka mgeni akute barafu mlangoni kwangu? Aseme watu wa Solgol wavivu?"

"Hakuja kama mgeni, Mama. Alikuja kupima shida, na shida yenyewe mkaifagia."

Mzee Tak alicheka mpaka akakohoa. Mkewe akamkata jicho.

"Cheka tu, Baba Jun-tae. Anayepelekwa ni wewe."

Nesi akatueleza taratibu. Fedha za barabara, maji na ngazi ni za watu wote. Lakini mji wetu umetenga fungu kwa mitaa iliyoachwa nyuma, na fungu hilo halipigiwi kura. Hutolewa kwa kuangalia uhitaji: mtaa una wazee wangapi, gari la wagonjwa linaishia wapi, wangapi wameumia. Mtaa usiopeleka maelezo haufikiriwi. "Haki si kumpa kila mtu kitu kilekile," alisema. "Mwenye njia nzuri asubiri, asiye na njia apewe kwanza."

Bibi Ok-rye alinyanyuka. Alichukua daftari, akavaa koti, akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuandika majina ya walioanguka. Wengi walikataa kwa aibu. Mzee Ma, mwenye miaka themanini na mmoja, alidai kiuno chake kiliumia akicheza mpira. Bibi alikaa kizingitini kwake mpaka akasema ukweli. Majina yakafika ishirini na matatu. Majivu hatukuacha kumwaga, maana hatukutaka mtu aumie. Ila kila asubuhi tulipiga picha ya barafu kwanza. Nesi akatusaidia kujaza fomu.

Bwana Gil akatumwa tena. Safari hii Bibi Ok-rye alimwita saa moja asubuhi, siku ya kliniki. Uji haukupikwa.

"Leo utashuka nasi," alimwambia.

Mzee alikuwa mgongoni kwangu. Bwana Gil alimshika kwa nyuma. Tulipofika katikati Bwana Gil alikuwa amelowa jasho usoni katika baridi ile.

"Mnafanya hivi mara ngapi?" aliuliza.

"Mara tatu kwa wiki. Huu mwaka wa nne," nikajibu.

"Mbona mara ile hamkuniambia?"

"Tuliona haya," alisema Bibi Ok-rye. "Leo hatuoni. Andika."

Akaandika palepale, amesimama.

Mafundi walikuja theluji ilipoyeyuka. Walijenga ngazi pana za vidato vifupi, zenye vyuma vya kushika pande zote mbili, na mabenchi ya kupumzikia njiani. Nilifurahi kama mtoto, sifichi.

Mwezi wa kumi na moja Jun-tae alikuja na gari kumchukua baba yake. Alikuwa ameambiwa kwenye simu kuhusu ngazi mpya, ila hakuamini kwamba zingetosha. Alimkuta mama yake peke yake, akipaka pilipili kwenye kabichi za kuchachusha.

"Baba yuko wapi?"

"Kliniki."

"Nani kambeba?"

Bibi Ok-rye alimsogezea mwanawe bakuli la wali.

"Kaa ule," alisema. "Atapanda mwenyewe."