Kisanduku Kimoja Getini

"Lori limebadilisha namba!"

Chiriku alipiga kelele redioni huku Yamaha yake ikipenya kati ya matela mawili, nafasi ya kiwiko kila upande.

"Rudia, Chiriku." Makao makuu.

"Limeingia uwanja wa malori na namba moja, linatoka na nyingine! Kibao kimebanduliwa mbele ya macho yangu. Fungeni mageti!"

"Mageti manne, malori mia tatu. Lipi?"

"Lile lenye—"

Tela lililokuwa linarudi nyuma halikuwa na habari naye. Pikipiki ilikwenda chini, yeye akaenda pembeni. Akainuka. Goti linavuja damu, bastola yake ya Glock ipo kiunoni, miwani ipo usoni. Simu vipande viwili. Redio inasikika, ila kitufe cha kusemea kimeng'oka.

Kusikia anasikia. Kusema hawezi.

Kwa mwanamke aliyeitwa Chiriku kwa ajili ya mdomo wake, hiyo ilikuwa adhabu tosha.

Ndani ya lori mlikuwa na chupa elfu arobaini za dawa ya usingizi. Dawa gani! Maji ya bomba. Zikifika hospitali, kuna watu wataamka katikati ya upasuaji. Mwenye mzigo walimwita Daktari, ingawa hajawahi kutibu hata kuku.

Sauti nzito ikaingia hewani.

"Geti la pili hapa. Kuna lori mbele yangu. Silipendi."

Geti la pili ni Shemeji. Mume wa dada yake.

Mwaka jana Shemeji alisimama pale pale na simu ya kazi, akilitafuta lori la Daktari huyo huyo. Skrini ilidai namba ya gari kwanza. Akajaza. "Hakuna." Ikamtaka aanze upya: visanduku kumi na vinne, kila kimoja na nyota yake nyekundu ya lazima kujazwa. Alikuwa kwenye cha tisa, macho chini, lori lilipovunja kizuizi.

Na mguu wake wa kulia.

Skrini ile ilichorwa na Chiriku. Wiki mbili ofisini, kiyoyozi kinavuma, akijisifia mpaka koo likakauka. Kwa dada yake walijua anarekebisha kompyuta basi. Umbea wote wa ukoo hupitia kinywani mwake. Huo mmoja aliumeza.

Kutengeneza upya alijifunza sebuleni kwa dada, nyumba imejaa watoto na majirani kama kawaida. Alimwekea Shemeji simu mapajani.

"Kuna watu wamenipa kitu nikijaribishe, shemeji."

"Nibonyeze wapi?"

"Hapo ju—"

Akang'ata ulimi. Fundi mkongwe wa makao alikuwa amemwonya: ukimwelekeza, umejifunza nini? Wewe getini hutakuwepo.

Shemeji alitafuta. Akakosa. Akasonya.

"Aliyechora hii hajawahi kusimama mvuani na tochi kwapani. Eti namba! Namba inabanduliwa. Mimi nakumbuka turubai. Nakumbuka mlango uliobonyea. Nakumbuka dereva asiyesalimia watu."

"Na kama umekumbuka nusu?"

"Nipe yanayofanana, nichague kwa macho! Asinijibu 'hakuna' kama muuza duka mvivu."

"Mume wangu kawa profesa!" dada alicheka kutoka jikoni.

Chiriku akacheka naye. Macho yake yakabaki kwenye mguu wa bandia wa shemeji.

Siku tisa alikaa kimya, akitazama kidole cha mtu mwingine kikipotea. Visanduku kumi na vinne vikawa kimoja. Kila lori likiingia, picha moja na maneno ya mlinzi: alichokiona, alivyokiona. Mfumo ulikuwa umewashwa asubuhi hiyo hiyo.

Sasa alikuwa anakimbia kuelekea geti la pili, akichechemea kati ya malori, redio sikioni.

"Geti la pili, namba ni safi, na hatuwezi kuzuia malori mia tatu. Liruhusu."

"Namba safi, lori chafu. Nipeni dakika."

"Huna dakika!"

Shemeji alikuwa anajisomea polepole, kama mtu anayeandika barua. "Turubai... bluu... kiraka... chekundu."

Shuka chini, Chiriku aliomba. Picha ziko chini ya skrini. Nani wa kumsikia?

Redio ikakwaruza.

"Ala! Yametoka matatu. La katikati... mlango wa dereva umebonyea. Limeingia saa nne na namba nyingine. Makao, ndilo!"

Injini ikanguruma.

Safari hii macho ya Shemeji yalikuwa juu. Alijitupa nyuma ya nguzo ya zege, akapiga kitufe. Miiba ya chuma ikachomoza barabarani. Matairi yakapasuka moja baada ya jingine.

Chiriku akafika, akadandia ngazi ya lori, akaufungua mlango uliobonyea, akaweka Glock kwenye sikio la dereva. Pembeni, ndani ya suti ya kijivu, Daktari alikuwa ameshainua mikono.

"Zima gari. Halafu salimia watu."

"Shi... shikamoo."

Askari walipomaliza kushusha maboksi, Shemeji alikuwa amekaa kwenye zege akikaza mikanda ya mguu wa bandia.

"Kumbe siku hizi kompyuta zinarekebishwa kwa bastola."

Hakucheka Chiriku. "Shemeji. Ile ya visanduku kumi na vinne. Niliichora mimi."

Shemeji aliitazama simu. Akautazama mguu. Hakutukana. Afadhali angetukana.

"Siku tisa umekaa sebuleni kwangu."

"Ndiyo."

"Unakula chakula changu, unanitazama navyohangaika."

"Ndiyo, shemeji."

"Dada yako anajua?"

"Hajui."

"Zamu yangu inaisha saa kumi na moja. Nikifika nyumbani nikute ameshajua, na amejua kwako. Mimi sikusemei."

Akanyanyua kizuizi. Hakuaga.

Chiriku alifuta vumbi kwenye miwani, akaivaa, akapita chini ya kizuizi taratibu, mikono mfukoni. Askari mmoja alimpigia saluti. Wengine walisema yule mama ana roho ya chuma.

Kwa dada ni dakika ishirini kwa miguu. Njia nzima alitafuta neno la kuanzia. Hakupata hata linalofanana.

Akagonga hivyo hivyo.